Mlinzi Aliyezimia kwa Salamu

Kalangalala, Geita
Jumapili, 15 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake. Nakuandikia kwa sababu juzi uliponipigia simu nilisema "ndiyo" mara sita na "hapana" mara moja, na najua hukuridhika. Kwenye karatasi maneno yananijia. Kwenye simu yanakimbia, sijui kwa nini.

Kazi nilianza Jumatatu, tarehe 9. Maabara ya Mzee Deusdedit inapima dhahabu. Wachimbaji wadogo wanaleta mawe na mchanga wao, tunawaambia ndani yake kuna kiasi gani, na tunawapa cheti. Mimi naandika majina na namba juu ya mifuko ya sampuli. Dada Aneth, anayekaa kaunta, anasema mwandiko wangu ni wa kwanza hapa ambao hata mtu mwenye hasira anausoma.

Kuna desturi moja ungeipenda. Mchimbaji hakubali sampuli yake itoke machoni pake. Inafunguliwa akiona, inasagwa kwenye karasha akiona, inagawanywa akiona. Wengine wametoka Bugarama alfajiri na hawajala, lakini hawasogei hata hatua mbili mpaka mfuko ufungwe na lakiri.

Chumba cha nyuma kuna kisanduku cheusi, ukubwa wake kama Biblia ya kusomea kanisani. Hicho ndicho mlinzi wa mtandao wetu. Kila kinachotoka kwenye kompyuta zetu na kila kinachotaka kuingia lazima kipite kwake akikague. Fundi wetu anaitwa Boaz, anatoka Mwanza, yeye anakiita faiawoli. Majibu ya vipimo yanapita hapo kwenda makao makuu Mwanza, na makao makuu wakiyapokea ndipo cheti kinachapwa. Kisanduku kikilala, hakuna cheti kwa mtu yeyote.

Nimepewa kazi ya kukifuta vumbi kila asubuhi, maana vumbi la karasha halina mpaka. Nakifuta kwa kitambaa kikavu. Shuleni vitu hivi tulivisoma kwa picha, na picha yenyewe ilikuwa fotokopi nyeusi tupu. Sasa navigusa, Baba.

Matokeo ya mtihani bado. Tafadhali usiwaulize walimu.

Mwanao,
Vumilia Masele


Samuye, Shinyanga
20 Desemba 2024

Ng'wana wane Vumilia,

Marahaba. Mwangaluka. Barua yako konda ameifikisha bila kukunjwa. Nimemsomea mama yako kwa sauti, akaniambia nirudie pale pa mwandiko. Nikarudia mara tatu.

Umesema kweli habari ya simu. Juzi nilidhani naongea na mtungi. Mama yako anasema ukimya huo umeurithi kwangu. Mimi! Katibu wa sungusungu mwaka wa kumi na nne huu, mtu ninayesimama mbele ya kijiji kizima!

Jana kwenye mkutano niliwaambia wenzangu kwamba binti yangu naye sasa yuko kwenye ulinzi, Geita, anatunza kisanduku kinacholinda dhahabu za watu. Mzee mmoja akacheka: "Masele, kisanduku nacho kina rungu?" Nikamwambia kina akili, kitu ambacho wewe na rungu lako hamna. Lakini usiku wakati wa kula nikajiuliza swali, nalileta kwako: huyo mlinzi wenu, yeye analindwa na nani?

Mvua imenyesha vizuri mara mbili. Tunapalilia mahindi.

Walimu sijawauliza. Nimemuuliza mmoja tu.

Baba yako,
Masele


Kalangalala
Jumapili, 29 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu kisanduku chetu kimeanza kuanguka.

Hakianguki chini. Taa zake zote zinazimika kwa pamoja, inawaka moja ya rangi ya chungwa, na baada ya dakika nne kinaamka kama hakuna kilichotokea. Wakati mwingine kinaamka na kuanguka tena papo hapo, mara tano, na asubuhi nzima inapotea. Vyeti havitoki. Wachimbaji wanajaa kaunta wakisema tunachakachua: "Mtandao wenu unazimia ukiona dhahabu nyingi!" Boaz anasema kwa simu kwamba ni umeme. Lakini mimi nilitazama: siku zote kilipoanguka, feni ilikuwa inazunguka na karasha ilikuwa inanguruma. Umeme gani huo unaochagua kisanduku kimoja?

Nimeanza kuandika saa za kila anguko kwenye daftari. Tangu tarehe 10 ni mara saba, nikihesabu yanayofuatana kuwa moja.

Nataka kukuuliza kitu cha kazi yako. Mtu akitaka kuwachosha sungusungu bila kuiba chochote, anafanyaje?

Siku hizi sikifuti vumbi tena, wamempa mtu mwingine. Si jambo kubwa. Watu wote hapa ni wema.

Karatasi ya pili ni ya Mama. Baba, nakuomba usiisome.

Mwanao,
Vumilia


(Karatasi ya pili)

Mama,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimwombe Baba akusomee.

Wachimbaji wanasema kisanduku kinaanguka kwa sababu yangu. Wanasema tangu nimefika ndipo kimeanza, na kweli kimeanza siku moja baada ya mimi kufika. Wanasema msichana akiwa kwenye siku zake akiingia palipo na dhahabu, dhahabu inakimbia, na mashine nazo zinakufa. Ijumaa mmoja wao, anaitwa Eustace, ni msimamizi wa duara moja, shimo la kuchimbia, kule Bugarama na wenzake wanamsikiliza, alimuuliza Dada Aneth mbele ya watu wote, "Huyo wenu yuko safi leo?" Dada Aneth akamjibu, "Kamuulize mkeo swali hilo, atakujibu kwa mwiko." Wote wakacheka. Mimi nilikimbilia chooni, nikakaa mpaka wameondoka.

Mzee Deusdedit amenikataza kuingia chumba cha nyuma. Si mtu mbaya. Amesema ni kwa muda, wateja watulie, lakini wasipotulia itabidi nirudi nyumbani. Mama, sitaki kurudi nikiitwa mkosi. Jina hilo likifika Samuye halitatoka.

Usimwambie Baba. Neno hilo nitalitamkaje mbele yake?

Vumilia wako


Samuye
4 Januari 2025

Vumilia,

Marahaba. Sijaisoma. Mama yako aliisoma mwenyewe, taratibu, nusu saa nzima, akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Nimeishi naye miaka ishirini, na hilo pindo sijawahi kulishinda.

Swali lako ni zuri. Mtu wa kutuchosha hana haja ya kuiba. Anapiga mwano tu, yowe la hatari. Unajua sheria yetu: mwano ukipigwa, kila mwanaume anatoka, awe anakula, awe anaoga. Mwaka aliozaliwa mdogo wako mtu fulani alipiga mwano upande wa magharibi, tukakimbia, hakuna kitu. Tumerudi tu, mwano kusini. Tukakimbia. Hakuna kitu. Mara ya nne tulikuwa tumekaa chini tunahema kama mbwa, na mama mmoja aliyevamiwa kweli alipiga mwano wake akapata watu watatu. Tangu siku hiyo tumeweka watu wawili ambao hawaondoki langoni hata wasikie nini.

Huenda kisanduku chenu kinapigiwa mwano wa uongo mwingi.

Sasa nami nakuuliza. Kwa nini wamekunyang'anya kazi ya kufuta vumbi? Kazi hiyo mtu hanyang'anywi bure.

Baba yako,
Masele

VUMILIA. KULA. USIKIMBILIE CHOONI. MAMA

(Hayo ya chini ameandika mwenyewe. Habari ya choo mimi siielewi.)


Kalangalala
Ijumaa, 10 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Wabeja sana kwa habari ya mwano. Umenisaidia kwa sababu nilikwenda kuutafuta nikaukosa, na nilipoukosa nikaona kingine.

Boaz alikuja Jumatatu. Nilishindwa kumwambia ninachotaka, kwa hiyo nikamwandikia kwenye karatasi: naomba unichapie kumbukumbu za kisanduku, orodha ya wote waliogonga mlango wake tangu Desemba. Alicheka, lakini akachapa. Kurasa kumi na tisa. "Haya, kafungie maandazi," akasema.

Nimezisoma zote, Baba, mstari kwa mstari, nikilinganisha na saa za daftari langu. Nilitarajia kukuta makelele, maelfu ya wagongaji kwa pamoja. Hakuna. Kabla ya kila anguko kuna mgongaji mmoja tu kutoka nje, amegonga mlango mmoja uleule, na ndani ya sekunde hiyohiyo kumbukumbu zinakatika. Maanguko yote, hakuna hata moja lililokosa mgongaji. Siyo mwano mwingi. Ni kama mlinzi hodari, ana rungu na tochi, lakini ana ugonjwa: ukimsalimia kwa salamu fulani iliyovurugwa, anazimia palepale.

Nikatafuta kwa simu tovuti ya waliokitengeneza. Wao wenyewe wametangaza tangu Septemba! Nimelisoma tangazo na kamusi pembeni, siku tatu. Linasema programu ya ndani ya kisanduku cha aina yetu ina udhaifu. Mtu yeyote wa nje, bila neno la siri, anaweza kutuma ujumbe uliotungwa vibaya kwenye mlango wa kuingilia kwa mbali, na kisanduku kikajizima na kuwaka upya. Akirudia, hakiamki kabisa. Wanaliita shambulio la kunyima huduma. Haliibi kitu na halisomi kitu. Linamwangusha mlinzi, lango linajifunga, na wenye haki ya kuhudumiwa wanakaa nje.

Swali lako kwamba mlinzi analindwa na nani, nadhani jibu ni hili: analindwa na mtu anayesoma matangazo. Hapa kwetu hakuwepo.

Wachimbaji wengine wanasema ni maabara ya jirani inatuhujumu. Nimekataa kulisema hilo. Boaz ananiambia kuna programu zinazozunguka dunia nzima zikigonga kila mlango, wala hazijui Geita ni nini. Sijaona nyayo za mtu, siwezi kutaja jina la mtu.

Kesho nitamwandikia Mzee Deusdedit. Baba, ukisikia maneno juu yangu, naomba usiyaamini mpaka nikueleze mwenyewe. Sasa hivi siwezi.

Mwanao,
Vumilia


Kalangalala
Jumamosi, 11 Januari 2025

Kwa Mzee Deusdedit,
Maabara

Shikamoo Mzee.

Naomba radhi kukuandikia wakati tunaonana kila siku. Ningekuja kusema nisingefika mwisho.

Kisanduku kinaanguka kwa sababu ya udhaifu uliotangazwa na watengenezaji. Nimeambatanisha tangazo lao na tafsiri yangu, pamoja na daftari la saa. Boaz amekagua, na toleo la programu yetu ni lilelile lililotajwa. Dawa ipo: kuweka toleo jipya, na kufunga mlango wa kuingilia kwa mbali. Mafundi hawajawahi kuweka toleo jipya lolote kwa sababu uliagiza kisanduku kisizimwe hata dakika moja. Kazi hii inataka kizimwe kama dakika arobaini.

Mzee, kuna jambo la pili, nalisema kwa heshima. Mlango huo ulifunguliwa tarehe 6 Desemba, kwa agizo lako, ili ukiwa Bugarama uone kamera za ofisi kwenye simu yako. Mimi nilianza kazi tarehe 9. Ndiyo maana inaonekana kama nilikuja na balaa hili.

Naomba jambo la tatu. Tukikitengeneza chumbani, wateja watasema tumekichakachua. Naomba kitendewe kama sampuli. Kitolewe nje, kiwekwe mezani mbele yao, kizimwe wakiona, kiwekwe programu wakiona, kiwashwe wakiona. Iwe siku wanayojaa.

Wako mtiifu,
Vumilia Masele


(Nyuma ya barua hiyohiyo, kwa kalamu nyekundu)

Vumilia. Nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika.

Iwe Jumamosi ijayo, saa nne. Boaz ataeleza. Mlango wa kamera ufungwe.

Lakini sikiliza. Eustace na wenzake wamesema wazi: kikianguka tena baada ya hapo, wanahamia kwingine wote, na mimi sina la kuwajibu. Kikianguka, Jumapili utapanda basi la Shinyanga. Kisipoanguka, chumba cha nyuma ni chako.

D.


Samuye
15 Januari 2025

Vumilia,

Benjamini, yule wa hapa kwetu anayechimba Bugarama, amekuja nyumbani kusalimia. Amesema kwamba kwenye maabara yenu wachimbaji wanataka uondolewe, usisogee kwenye chumba cha dhahabu. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama miguu yake. Nikamuuliza, amechukua kitu? Akasema, "Baba, mambo mengine mtu hawezi kumwambia mzee."

Wamekunyang'anya kufuta vumbi. Umeniambia nisiamini nitakayoyasikia. Umesema huwezi kunieleza. Mimi nimekaa mbele ya watoto wa watu wengi wakiniambia maneno hayohayo, na unajua walikuwa wamefanya nini.

Mama yako anasema nikuache. Hasemi zaidi.

Mama yako amesema karatasi yako mpya kwake inataja Jumamosi. Mimi Jumamosi niko shambani kutwa. Usinitafute.

Masele


Samuye
Jumatatu, 20 Januari 2025

Vumilia,

Mwangaluka, mwanangu.

Nilikuandikia kwamba Jumamosi nitakuwa shambani. Nilisema uongo. Nilikuwa Geita.

Nilikuja kukuchukua. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia Mzee Deusdedit: kama mwanangu amechukua hata punje ya dhahabu, mimi Masele naomba radhi mbele ya watu, na ninaondoka naye sasa hivi. Niliyarudia mpaka abiria wa pembeni akahama kiti.

Nilikuta uwanja umejaa. Benjamini, aliyekuwa amesharudi huko, akanipeleka nyuma, nikasimama nyuma ya mtu mrefu mwenye koti la mvua. Kisanduku kilikuwa mezani chini ya turubai, nyaya zimetoka kama utumbo wa mbuzi. Kijana wa Mwanza akaanza kueleza. Nilisikia "toleo", nikasikia "itifaki", kisha sikuelewa tena. Mwenye koti akasema, "Huyu anatuombea kwa Kilatini." Kelele zikaanza. "Mnatuficha!" "Semeni Kiswahili!" Ndipo mmoja aliyekuwa mbele kabisa, ameshika mfuko wake wa sampuli kifuani, akasema, "Mwacheni binti aseme. Si Mzee amesema yeye ndiye aliyemwandikia barua ya haya?"

Nikakuona unasimama. Neno lako la kwanza halikufika hata mwisho wa meza.

"Ongeza sauti! Au umemeza kokoto?"

Wakacheka. Nikatazama chini, maana nilijua sasa utakaa. Nikasikia sauti. Sikuitambua mara moja. Ilikuwa inasema, "Huyu ni mlinzi wa langoni. Hajaiba sampuli ya mtu, na akianguka lango linajifunga, kwa hiyo hakuna aliyeingia kubadilisha majibu yenu. Lakini ana ugonjwa. Kuna salamu moja mbovu ikimfikia anazimia. Waliomtengeneza wameshatoa dawa tangu Septemba, sisi hatukumpa. Leo tunampa mbele yenu. Boaz, mzime."

Boaz, mzime! Kama kamanda!

Taa zikazimika. Yule wa mbele akainua mkono. "Kabla hamjaendelea," akasema. "Binti atujibu kwanza. Uko kwenye siku zako, au hauko?"

Hapo, Vumilia, ndipo nilipoelewa pindo la khanga la mama yako. Ndipo nikaelewa miguu ya Benjamini. Siku tatu nzima nilikuwa nimekuhukumu kwa wizi, nimekufunga kamba moyoni mwangu, nimekutembeza kijijini. Mguu wangu ulitoka wenyewe kwenda mbele. Nilitaka kumkamata yule mtu shingoni. Wewe ukajibu kabla sijafika.

Nimeyaandika maneno yako kwenye daftari la sungusungu, nyuma, ili nisiyapoteze. Ulisema: "Ndiyo, Mzee Eustace. Tangu juzi. Na nimesimama hatua moja kutoka kwenye mashine. Nitakaa hapa mpaka iwake, na ikishawaka nitaendelea kukaa. Nyinyi itazameni kama mnavyotazama mifuko yenu. Ikianguka nitapanda basi kesho. Isipoanguka, naomba swali hilo asiulizwe tena mwanamke yeyote kwenye kaunta hii."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mnene wa kaunta, nadhani ndiye Aneth wenu, alikuwa analia wazi.

Tulisubiri. Dakika arobaini ni nyingi kuliko nilivyodhani. Watu wazima, wenye vumbi mpaka kwenye nyusi, wametulia wanakitazama kisanduku kama kuku anayetaga. Taa ikawa chungwa. Ikawa kijani. Bado hamkuondoka. Mlikaa. Ilipofika saa tano na dakika hamsini kijana wa Mwanza akaruka: "Kagonga! Kagonga sasa hivi!" Ukainama kwenye kioo ukasoma mstari kwa sauti, namba baada ya namba, na neno la mwisho: imekataliwa. Taa ya kijani haikupepesa.

Eustace akaja kuona mwenyewe. Akaweka pua karibu na kioo.

"Amegonga?"

"Amegonga."

"Na huyu?"

"Amesimama."

 Kisha akakuwekea mfuko wake mbele. "Andika jina langu," akasema. "Andika wewe."

Mimi nikageuka nikaondoka. Benjamini alinishika mkono, akasema, "Baba, huendi kumsalimia?" Nikamwambia hapana. Nilijua ukiniona utanyamaza, na sikutaka mimi ndiye niwe mtu wa kukunyamazisha siku uliyoipata sauti.

Nimekukosea. Katibu wa sungusungu amemhukumu mtu kabla hajamsikiliza, na mtu huyo ni mtoto wake. Nakuomba radhi. Mama yako amesimama nyuma yangu, amesema niandike bila kufuta, na sijafuta.

Kijiji kizima nimekisimulia. Swali la yule mtu nimelisimulia vilevile lilivyoulizwa, na jibu vilevile lilivyojibiwa. Wazee wawili walitazama pembeni. Sikuacha.

Baba yako,
Masele


Kalangalala
Jumapili, 26 Januari 2025

Baba,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho nikiwa chumba cha nyuma, na mlango wazi.

Kisanduku hakijaanguka. Wagongaji wamekuja mara kumi na moja, wote wamekataliwa. Mzee Deusdedit akiwa Bugarama sasa anapiga simu kumuuliza Dada Aneth kama geti limefungwa, na Dada Aneth anamjibu kwamba limefungwa na yeye amefungwa ndani na anataka chakula. Boaz atakuwa ananifundisha kila Jumatano. Amesema tangazo lile la Septemba lilimfikia kwenye simu, akalipita, na kwamba hatakaa alipite jingine. Alilisema mbele ya wote. Nadhani ilimgharimu kulisema. Kila mwezi sasa mimi ndiye wa kusoma matangazo, na jina langu limeandikwa ukutani chini ya neno "Msimamizi".

Umeniomba radhi, nami nina ya kukuomba. Nilikuficha neno moja nikidhani nakuheshimu, na pengo nililoliacha ukalijaza na wizi. Ningeliandika tangu Desemba.

Lakini kuna kitu hukijui, nami nimeona aibu kukiandika wiki nzima. Baba, nilikuona. Nilikuona tangu ulipoingia uwanjani, kabla sijasimama. Yule mtu wa koti ni mrefu, lakini wewe unamzidi kichwa kizima na kofia yako juu yake. Nilijua umekuja kunichukua. Niliuona mguu wako ulipotoka. Eustace alipouliza lile swali, sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa nakutazama wewe.

Nikajibu.

Shikamoo, Baba, ile ambayo siku ile sikukupa.

Vumilia Masele